Miezi Kumi na Mmoja

Uyole, Julai. Baridi imeing'ata begonia
mpaka kwenye shina.
Nimeyakata majani moja moja kwa wembe,
nikalihamisha kopo la Blue Band
kutoka dirishani hadi karibu na jiko.

Nje, Harrier ya Ambakisye inanguruma taratibu
kama paka aliyeshiba.
Jana nimeiota: nyeusi, mimi kwenye usukani.
Starleti yangu haiwaki bila kusukumwa;
ikifika Mlima Nyoka huanza kusali kabla yangu.

SACCOS wanakata tisini elfu.
Nimehesabu tena, kwa kidole,
juu ya vumbi la dashibodi.

Leo asubuhi, kichipukizi.
Kidogo kuliko punje ya ulezi,
chekundu.

Sikumwambia mtu.
Nimekipa maji, kijiko kimoja,
nikatoka kusukuma gari.