Alama ya Kutoa

Kompyuta ya mizani pale mwaloni Kirumba
ni ndogo kama kiberiti.
Programu zilizokwisha pikwa haziingii:
zinakuja na nyumba nzima, na mbwa, na banda la mbwa,
na mimi nimeomba kiti tu.

Kwa hiyo huwa najenga mwenyewe, toka chanzo,
chumbani kwangu Mabatini,
ambako mlango wa nyuma unafungukia jabali
na ukiusukuma kwa hasira unagonga mlima.

Nikafungua faili la machaguo, nikaanza kufyeka.
Sauti? Toa. Mizani haiimbi.
Kamera? Toa. Dagaa hawapigwi picha.
Wino wa rangi, toa.
Lugha arobaini na tatu, nikabakiza moja,
nikajisikia mwepesi
kama mtu anayehama na mfuko wa rambo.

Kisha maktaba zikaanza kudaiana.
Ya kupima ikataka ya kuhesabu,
ya kuhesabu ikagoma bila ya kubana mafaili,
ya kubana mafaili ikadai toleo la tatu la kitu
ambacho toleo lake la pili limebeba wengine wote.
Nikikipandisha, hawa wanaanguka.
Nikikiacha, yule haamki.
Niliwahi kukaa kikao cha posa cha namna hii:
mjomba hasemi mpaka shangazi aje,
shangazi haji mpaka atumiwe nauli,
na nauli anayo mjomba.

Saa sita usiku nikawafunga wote kwenye toleo la pili.
Sababu niliiandika ukutani kwa makaa,
maana najijua.

Mistari ikaanza kupanda kiooni, feni ikakohoa,
luku imebaki uniti tisa.
Ikakatika njiani. Nikasimama, nikapunguza tena,
na hapo ndipo nilipoiona: *majira ya mahali*,
orodha ya miji ya dunia na saa zake.
Mizani haisafiri, nikasema.
Toa.

Ikajengeka bila kosa hata moja.

Siku ya nne Minza Lugwisha alikuwa kwenye benchi la ofisi,
magunia yake saba yameshikiliwa,
dagaa wakitoa harufu yao kama mashahidi.
Stakabadhi inasema: imepimwa saa nane usiku.
Lango hufunguliwa saa kumi na moja.
"Ulipitia wapi?" karani anauliza. "Nani alikupimia?"
"Lango ulinifungulia wewe," Minza akasema.
Karani akaitazama karatasi, si uso wake.

Mashine niliyoinyima Mwanza
ilikwenda kukaa kwenye saa ya sifuri,
saa tatu nyuma yetu,
ikaandika kwa unyofu wake wote
kwamba mzigo ulipimwa
taa za mitumbwi zikiwa bado ziwani.

Nikasema, kosa ni langu.
Karani akasema mashine haikosei.
Ilinichukua hadi adhuhuri kumshusha hapo,
na gunia moja lilikuwa limekwisha lowa mvua.

Jioni Minza alikuja Mabatini. Sikumwalika.
Akakaa kwenye ndoo, khanga kichwani,
akakisogelea kioo.
"Hivi vijistari vidogo ni nini?"
"Vitu nilivyoviondoa."
"Vingapi?"
"Sitini na kimoja."
"Sitini sasa," akasema. "Anza juu. Hiki?"
"Sauti."
"Ya nini?"
"Kusoma uzito kwa kinywa. Haina kazi pale."

Akanyamaza, akabandua gamba la dagaa kwenye kidole.
"Holo wa meza ya tatu," akasema,
"macho yamemwacha tangu Pasaka.
Namba anasomewa na mnunuzi."

Nikaufuta mstari.
Maktaba nne zikaamka papo hapo,
kila moja na madai yake,
na luku ilikuwa imebaki uniti mbili.
Minza akafungua pindo la khanga,
akahesabu.
"Nunua," akasema. "Tuendelee. Hiki cha pili?"