Sifuri Nukta Tatu

Nilinunua gemu ambayo haijaisha.
Niseme ukweli, walikuwa wameandika,
kwa herufi za rangi ya maziwa, chini ya bei:
Bado tunajenga. Ingia mapema, jenga nasi.
Mimi nilisoma bei.
Ilikuwa nusu ya zile nyingine.

Kibanda changu kipo Nkuhungu, nyuma ya duka la mbegu.
Skrini mbili, pedi nne, moja kitufe chake
nimekibandika kwa gundi ya viatu.
Mia mbili kwa dakika kumi na tano.
Vumbi la Agosti linaingia bila kulipa.

Siku ya kwanza walijaa hadi mlangoni.
Ndahani akashika pedi, akavuka kijiji,
akapita soko ambalo wauzaji wake hawana nyuso,
laini kama yai lililomenywa,
wakamkaribisha kwa sauti isiyotoka mdomoni.
Akafika mtoni. Akapanda daraja.
Daraja likaishia katikati.
Halikuvunjika. Liliishia,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Hewani pameandikwa: Inakuja.

“Inakuja lini?” akaniuliza mimi.
Mimi!
Tangu hapo nikawa fundi wa dunia nisiyoijua.
Mama Chedego, farasi hana miguu.
Mama Chedego, mvua inanyesha ndani ya nyumba.
Mama Chedego, nimezama ardhini, nitoe.
Yaledi wa darasa la sita akasoma pembeni mwa skrini:
sifuri nukta tatu.
“Hiyo ni thelathini kwa mia. Kwetu unarudia darasa.
Wao wanauza.”
Mwaluko akadai mia mbili yake.
Nikasema, ulicheza.
Akasema, nilicheza nusu.
Nikampa mia. Tukaangaliana,
hakuna aliyeridhika.

Saa mbili usiku nafunga, nakwenda kwangu Ndachi.
Vyumba vinne, viwili vina bati.
Tulihamia mwaka juzi, kodi ya Chang’ombe ilipotushinda,
madirisha ya turubai, mlango wa mbele tunauegemeza tu,
na ngazi tatu za saruji
zinazopanda kwenda kwenye baraza ambalo halipo.
Wageni huuliza, mtamaliza lini?
Mume wangu hujibu, mvua zikiisha.
Zikiisha, husema, zabibu zikiuzwa.
Sijawahi kumdai mia yangu.

Mwezi wa kumi ikaja.
Ilimeza bando la wiki kwa usiku mmoja.
Asubuhi wauzaji wana nyuso, tena wanapepesa.
Daraja limefika ng’ambo.
Ndahani akavuka mbio: ng’ambo nyasi,
nyasi, nyasi, na jua lisilosogea.
“Sasa hapa tunafanya nini?”

Nyemo, mdogo kuliko wote,
alikuwa akilipa ili azame tu,
atazame dunia kwa chini, mizizi ikining’inia,
nyayo za watu zikipita juu yake.
Alisimama palepale, akaruka, akaruka.
“Wameziba,” akasema,
akarudisha pedi kabla ya dakika zake kuisha.

Na zizi la Yaledi halipo.
Ng’ombe arobaini na mmoja,
kila mmoja alimpa jina la Kigogo.
Yamebaki maandishi:
Kumbukumbu za toleo la zamani hazitafunguka.
Asanteni kwa uvumilivu.
Hakulia. Aliuliza,
“Uvumilivu wetu, asante yao. Ng’ombe wa nani?”

Nikachana boksi la sabuni, nikaandika kwa makapeni,
nikabandika ukutani: GEMU HII HAIJAISHA.
Mwaluko akaomba kalamu, akaongeza chini:
NA KIBANDA PIA.

Juzi jioni Yaledi amerudi na mia mbili yake.
Akakaa, akanunua ndama mmoja, mwekundu.
Skrini ikamuuliza jina.
Akaanza kuandika, herufi moja, anafuta, nyingine,
wenzake nyuma wanapiga kelele zamu yao imefika,
nami saa nimeigeuzia ukutani.