Saba Kati ya Kumi na Tano

Patroni wa komtwari ya Nyawera
alileta bastola mbili ndani ya mfuko wa unga,
akaziweka mezani pangu, kati ya pasi iliyoungua
na redio ya masista.
"Fundi Cubaka, kila kasha hapa linabeba kumi na tano.
Nataka libebe saba. Ziba."

Sikuuliza. Mvua ilikuwa ikishuka kutoka Kadutu
na udongo wake wote.
Sineli walikuwa wamekata umeme tangu alfajiri.
Nikashika tupa, nikaanza kwa mkono.

Murhula, mlinzi wake, alisimama mlangoni
kama mtu anayetazama jino lake liking'olewa.
"Saba," akasema. "Wale wa usiku huja wangapi?
Mwaka ule, Muhumba, walipanda ukuta watatu.
Giza lilikuwa giza, mkono wangu ulikuwa maji.
Nilipiga tisa, nikapata mbwa na tangi.
Ya kumi ndiyo waliyoisikia wakakimbia.
Sasa nihesabie, fundi, ningekuwa na saba?"

Tupa ikajibu kwa niaba yangu: krii, krii.

Nsimire, anayeuza sambaza hapo kibarazani,
hakuinua uso kutoka kwenye kikombe chake cha kupimia.
"Na miye nina hesabu yangu.
Arusi ya Bagira, mlevi mmoja mwenye koti la polisi
alipiga nne, tano, sita, akafika mwisho.
Vidole vikatafuta kasha jingine mfukoni,
vikatoa kwanza leso,
kisha ufunguo.
Kati ya leso na ufunguo
Aganze wangu alivuka mtaro.
Sasa yuko darasa la tano, anamaliza viazi vyangu vyote."

"Mlevi wako alikuwa peke yake."
"Na wezi wako, walianguka wangapi?"
"Mbwa."
Tukacheka, Mungu atusamehe.
"Alikuwa mbwa mzuri," Murhula akasema,
na kicheko kikatukauka.

Kisha akasema, polepole, kama anayejisemea:
"Anayekuja kwa fundi ni yule anayesikia.
Asiyesikia hana fundi.
Atashuka na makasha manne kiunoni,
na bunduki ndefu ambayo tupa yako haijawahi kuiona."
Nsimire akafunika samaki zake na nailoni.
"Siongei juu yake. Naongea juu yako, Murhula,
usiku ule unapoogopa
na mtoto wa jirani ametoka kujisaidia."

Hakuna aliyesema tena.
Maji yalikuwa yakidondoka ndani ya sufuria yangu ya gundi.

Jioni kasha lilikubali saba.
Ya nane nikaisukuma, ikarudi kidoleni
kama mgeni aliyeambiwa nyumba imejaa.
Nane huku, nane kule: kumi na sita
nikazitia katika kopo la siagi, juu yake misumari.
Patroni hakuziulizia.
Labda alisahau. Labda alijua kusahau.

Tangu hapo, risasi zikilia upande wa Panzi
naamka nikihesabu bila kutaka.
Tano. Sita.
Saba.
Halafu kile kimya.

Nalala ndani yake macho wazi.
Kuna mtoto anayevuka mtaro.
Kuna mlinzi anayepapasa kiuno chake, mkono maji.
Kimya ni kimoja, na mimi ndiye niliyekikata kwa tupa,
sijui nilimkatia nani.

Kopo liko chini ya kitanda.
Patroni bado hajanilipa.