Koti la Ndabhona

Julai ya Manyovu haipigi hodi.
Ukungu unapanda kutoka bondeni, unapita migombani,
unaketi mlangoni kama mdai,
na ikifika saa mbili usiku
umeshajua kila tundu la nyumba yangu.

Nami nayajua. Nimeyahesabu.
Moja juu ya mlango, fundi alipokosea kipimo
akaniambia, "Hapo hewa itapita, mama."
Imepita kweli, fundi. Mwaka wa sita huu inapita.
Mawili chini ya dirisha. Na ule ufa wa ukutani
ulioanza na masika, mwembamba kama uzi,
sasa unameza kidole cha mtoto.

Jumamosi nilikanda udongo, majivu
na samadi ya kuomba kwa jirani, nikaziba.
Bukuru ananipa madonge,
Butoyi, pacha wake, analalamikia harufu.
"Harufu itakauka," nikamwambia. "Baridi haikauki."

Dirisha nimelivika gunia la kahawa.
Mchana nalikunja jua liingie;
jua ni la bure, na mimi cha bure sikatai.
Godoro nimeling'oa ukutani,
chini yake nyasi kavu, juu ya nyasi daftari za mwaka jana:
wanangu wanalalia hesabu walizokosa.

Blanketi, gulio la Munanila: elfu thelathini na tano.
Nililishika. Nililinusa. Nikalirudisha.
"Mama," akasema muuzaji, "ungelilipia hata hilo joto ulilochukua."

Jiko la mkaa ndani siingizi.
Mwaka juzi, kwa Nyabhenda, walilala nalo,
mlango umebanwa, joto tele.
Asubuhi tuliwatoa wawili, mikono inaning'inia.
Aliyezinduka ni mmoja.
Tangu siku hiyo jiko langu hulala nje, kama mbwa.

Kinachoingia ni mawe.
Matatu, ya mlimani. Ya mtoni yana maji tumboni,
hupasuka motoni yakakutoa jicho.
Nayapanga kando ya mafiga maharage yakichemka,
moto uleule, kuni zilezile,
kisha nayafunga matambara, nayalaza miguuni pao.
Kila mtoto na lake.
Kiza amelipa lake jina: Bibi.
(Kiza ni jina la anayefuata mapacha.
Wageni hucheka, giza gani hili linalong'aa meno.)

Na kuna koti.

Ndabhona alikwenda Kaliua kulima tumbaku ya watu,
msimu mmoja, alisema. Huu wa pili.
Koti aliliacha msumarini: la mtumba, zito,
bitana nyekundu, mfukoni njugu tatu zilizokauka.
Watoto hawaligusi. Sikuwakataza.
Wameona tu ninavyolipita.

Jana alipiga simu.
"Baridi vipi huko?"
"Ya kawaida."
"Na koti langu?"
"Lipo."
Salio likamwishia, au maneno.

Saa nane usiku Bibi alikuwa amepoa.
Kiza anakohoa, magoti yamefika kidevuni,
mdogo kama mtu anayejificha.
Niliwasha kibatari. Nikatoa mkasi.

Mgongo wa koti, wa Kiza.
Mikono nikaifumua, nikaishona ncha:
mfuko mmoja Bukuru, mmoja Butoyi,
nyayo zote mbili humo, kama mihogo guniani.
Butoyi akafumbua jicho. "Baba amekuja?"
"Lala."
Njugu nilizirudisha kwenye mfuko wa koti,
na mfuko nikauacha ulipo, kwenye mgongo wa Kiza.

Akiuliza tena, nitasema lipo,
na sitakuwa nimedanganya.

Kola imebaki. Haimtoshi mtu.
Nimeivaa shingoni, inakwaruza,
nikazima kibatari, maana mafuta nayo ni hela.