Kiyoyozi

Kabla ya salamu alizima kiyoyozi.
Nje Ibra inaungua, Julai haina jamala,
na mimi ndani ya shali ya sufi
kama mtu aliyeshuka mlimani.
Hakucheka. Alikaa. Jasho likamtoka
chini ya mtandio, likateremka mpaka kidevuni,
akaliacha literemke.

Wa mwanzo waliniuliza: wapi panauma?
Nikajibu: pote.
Wakaandika "pote", wakamwita mwingine.
Daktari Shinuna aliuliza:
"Leo asubuhi, Bi Thuwaiba, kitu gani kimekushinda?"

Basi nikasema. Kifungo cha kanzu.
Kifuniko cha chupa ya kahawa.
Bomba la maji ya udhu, nalifungua kwa kiwiko.
Na sindano.
Hapo sauti ikanikatika,
maana miaka thelathini na mbili nimedarizi kofia,
tundu kwa tundu, uzi wa zari na uzi wa kijani,
wanaume nisiowajua wamesali Idi
na kazi ya vidole hivi vichwani mwao.

Akasugua viganja vyake vikapata moto,
ndipo akanishika, kifundo baada ya kifundo,
taratibu, kama achambuaye mchele wa wageni.

Nikamwuliza: yataondoka lini maradhi haya?
Angeweza kunidanganya. Mwanangu hunidanganya kila Ijumaa,
kwa mapenzi.
Yeye akajibu kwa Kiswahili cha bibi yake, kile cha jikoni:
"Hayaondoki, mama. Huyu ni mke mwenza.
Tutampa zamu yake,
ila asile ya kwako."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nazo pia.
Mimi mke mwenza nimekaa naye miaka kumi na moja, najua:
unazijua nyayo zake kabla hajafika,
siku za kumpisha mlangoni,
siku za kutia komeo.

Vidonge ni Jumatatu tu. JUMATATU, ameandika,
herufi kubwa kama za mtoto wa chuoni.
Kupima damu kila baada ya miezi miwili.
Zaidi ya hapo hakuahidi.

Nikatoka, mwendo wangu wa kobe, ukumbi mrefu.
Nilipofika kwenye ngazi
ndipo nikasikia, nyuma yangu, mbali,
kiyoyozi kikiguna na kuwaka.

Jana nimeshona tundu nne.
Zamani, kabla ya chai, ningemaliza safu.
Moja imepinda.
Sikuifumua.