Toka Ukitetemeka Kidogo

Kipimajoto cha dirishani kinasema nyuzi sita.
Kinasema uongo. Hakiujui upepo.
Nafungua mlango wa nyuma, nautoa mkono gizani,
kiganja juu, kama mtu anayedai chenji yake,
na kiganja ndicho kinachoniambia: leo ni sufu.

Usinicheke, Geeske.
Jana uliingia chumba cha kufulia umelowa chapachapa
wala mvua haikunyesha.
Ulipolivua lile koti nene la kaka yako Hidde
mvuke ulikutoka mabegani kama sufuria ya viazi,
na zamu ilipoisha saa tisa
jasho lilikuwa humohumo kotini, limepoa, linakungoja.
Nguo ya kuazima haisitiri.
Hii ilikupika kwanza, ndipo ikakugandisha.

Nami nilikuwa hivyo.
Miaka ishirini na mitatu nakunja shuka za hospitali,
nakitambua kitambaa kwa vidole, macho nimefumba,
lakini mwili wangu mwenyewe niliuvika kwa woga.
Niliziogopa mita mia tano za mwanzo
nikazivalia nguo za safari nzima.

Aliyenirekebisha ni jirani yangu Wubbo, tarishi mstaafu.
Alikuwa ameinama, anatia mnyororo grisi,
wala hakuinua kichwa:
"Toka mlangoni ukitetemeka kidogo.
Usipotetemeka, rudi ndani, vua kimoja."

Basi kinachogusa ngozi kisiwe pamba.
Pamba ni rafiki mwema kitandani;
barabarani hunywa jasho, na ikinywa haitemi.
Vaa fulana nyembamba ya sufu, ile isiyowasha,
hata kama ikiloa inanuka zizi.
Juu yake sweta lenye zipu hadi kifuani,
na zipu hiyo ndiyo dirisha lako:
lifungue ukipanda daraja, lifunge ukiteremka.
Kisha kizibao, kifua kizito, mgongo wa wavu,
maana upepo wa Groningen hautoki nyuma.
Nimeungoja utoke nyuma
miaka yote hiyo ishirini na mitatu.

Suruali nimejaribu kila aina.
Jinzi, ule mshono wake wa katikati,
sitausema mbele ya watu wazima.
Taiti nene chini ya sketi ya kazini inatosha,
sketi yenyewe iishie juu ya goti;
mnyororo una meno na haubagui kitambaa.
Masikio husahauliwa mpaka yaume.
Glavu nilipoteza moja, ya kulia, karibu na mtambo wa maji,
nikamaliza msimu mkono mmoja wa buluu, mwingine wa kijani,
na breki hazikulalamika.

Haya yote nilipanga kukuambia leo, kwenye kahawa ya saa nne.
Nilikuwa nayapanga kichwani tangu natoka Haren,
hili kwanza, lile baadaye,
nisionekane bibi anayejua kila kitu.

Lakini kwenye kona ya mfereji, chini ya taa ya njano,
nimeuona mgongo wako mbele yangu.
Koti la Hidde limefungwa kwa kamba kwenye keria,
wewe umebaki na sweta tu,
mabega yamepanda hadi masikioni,
na matusi yako ya Kifrisia yanafika nyuma niliko.
Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji,
bata wamejikunja, hawataki kujua habari za mtu.

Sikupiga kengele.
Nilipunguza mwendo, nikakufuata kwa mbali.
Ukalifikia daraja, ukasimama juu ya pedali,
ukakanyaga, ukakanyaga,
na kule juu, kabla hujaanza kuteremka,
nikayaona mabega yako yakishuka
moja, halafu la pili,
kama shuka inayoachiwa pembe.

Nami nikashusha zipu yangu.