Kimeo

Sauti yangu iliondoka Jumanne,
saa nne asubuhi, Kiboriloni,
katikati ya "buku, buku, chagua mwenyewe."
Nilimfungulia kinywa mteja wa koti
kikatoka kitu kama bawaba ya zizi.

Julai hii mlima haujavua shuka.
Tunakata kamba za marobota, vidole vimekufa ganzi,
na vumbi la nguo za watu tusiowajua
linatushuka kooni.
Tunapiga kelele hadi jioni,
kisha nyumbani jiko la mkaa ndani, dirisha kimya.
Koo langu lilivumilia miaka tisa.

Manka wa viatu akanipa tangawizi.
Kijana wa mikanda: "Tafuna kitunguu swaumu, kama njugu."
Duka la dawa wakanikatia vidonge sita vya rangi mbili,
nusu dozi,
kwa kuwa nilikuwa na nusu ya hela.

Vilikuwa bado vimefungwa kwenye pindo la kanga
nilipomkuta Aikande ameukataa uji.
Hana mafua. Hana kikohozi.
Ana homa ya kukaangia yai,
na chini ya taya, huku na huku,
tezi kama kunde zilizolala majini.

Mama mkwe hakuinuka kwenye kigoda.
"Kimeo hicho. Kimerefuka.
Mkataji yupo Pasua, wembe mpya, dakika moja.
Hata mumeo alikatwa."

Pasua ni jina la mtaa tu,
napita pale kila mwezi kulipa kikoba.
Usiku ule nililisikia kama kitenzi.

Na sina sauti ya kubisha!
Nilitikisa kichwa mpaka kilemba kikaanguka,
nikambeba mtoto chumbani, nikaegemeza mlango kwa mgongo
hadi majogoo.

Zahanati, nesi Eliaichi, tochi, kijiti.
"Sema aaa. Mama, sogea, tazama mwenyewe."
Nikakiona kimeo cha mwanangu:
kidogo, kinang'aa,
tone linalosita kwenye mdomo wa bomba.
Hakina kosa lolote.
Ila pembeni yake mafindofindo yamewaka,
yana madoa meupe, maziwa yaliyokatika.

Akapima, akasubiri, akarudi.
"Huyu ana bakteria. Dawa siku kumi.
Siku ya tatu atacheka, atakimbia, nawe utajiambia yameisha.
Usikatishe. Mdudu aliyeachwa nusu
anaweza kuja kuusumbua moyo."

Nikamwonyesha pindo la kanga.
"Hivi? Wewe una kirusi, na makelele, na mkaa.
Kirusi hakivijui vidonge hivi.
Maji ya uvuguvugu, chumvi nusu kijiko,
sukutua, tema. Asali kwenye chai. Panadol usiku.
Jiko litoe nje.
Na unyamaze, mama. Unyamaze kweli;
kunong'ona nako ni kazi kwa koo.
Mtoto akishindwa kumeza mate, au pumzi ikianza kupiga mluzi,
usingoje kupambazuke.
Wewe, sauti isiporudi wiki ya tatu,
njoo tukuandikie hospitali."

Nikauza siku nne kwa vidole.
Bei kwenye boksi la sabuni, kwa mkaa uleule.
Wateja walipunguza, nikakunja uso,
wakaongeza. (Sijui kwa nini nilihangaika kupiga kelele.)

Ukutani Aikande anachora mstari kwa kila siku ya dawa.
Siku ya tatu alicheka, kama tulivyoambiwa.
Siku ya tano aliuficha uji, anataka mtori.
Mistari sita. Saba.

Leo alfajiri nimemkuta mama mkwe uani,
kando ya jiko nililolitoa,
anakohoa kile kikohozi chake cha kila mwaka.
Hakunitazama.
"Hata mimi nilikatwa," alisema.
"Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka ladha ya damu."

Sauti yangu ilikuwa imerudi, robo hivi.
Sikuitumia.
Nikakoroga chumvi, nikaonja uvuguvugu kwa kidole,
nikampa kikombe.